Njaa, Uchu na "Zawadi": Uhakiki wa Istilahi za Ubongo na Ulaji

Maandishi ya afya katika Kiswahili zamani yalitosheka na kuwaambia watu wale nini. Siku hizi yanajaribu kueleza kwa nini mtu hula, kwa nini huacha kula, na kwa nini mwingine hashindi kitu ambacho mwenyewe anajua kwamba kinamdhuru. Hii ni hatua ya kupongezwa. Lakini kila elimu mpya huja na maneno yake, na mwandishi aliyeipata elimu hiyo kwa lugha ya kigeni huwa na haraka ya kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja alilolisoma. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno manne yanayotumika sana katika uwanja huu, nayo ni njaa, zawadi, homoni ya furaha, na dawa za kulevya. Tutayapima kwa maswali mawili. Je, neno lasema kile ambacho wataalamu wamekigundua? Na je, mtu asiye mtaalamu akilisikia, ataelewa jambo lililokusudiwa au ataelewa jambo jingine?

Ili tusizungumze hewani, yafaa tuwe na mahali pa kuyajaribia maneno hayo. Tumechagua Kifaru, chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara iunganishayo Same na Moshi. Katika milima hiyo, hasa upande wa Wilaya ya Same, umekuwa ukilimwa mmea uitwao mirungi, ambao Kenya huitwa miraa na Uganda mairungi. Tanzania imeupiga marufuku. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inauhesabu miongoni mwa dawa hizo, na mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka iliyoundwa chini ya sheria hiyo waliteketeza mashamba ya mirungi wilayani Same. Kenya, kwa upande wake, inautambua kuwa ni zao halali la biashara. Hatukusudii kuamua kati ya nchi hizo mbili. Tumeuchagua mmea huu kwa sababu ya kilugha: mirungi huondoa hamu ya chakula na papo hapo hujitilia hamu yake yenyewe. Yaani yagusa pande zote mbili za somo letu. Istilahi zisizoweza kueleza hali ya mla mirungi kwa jamaa zake walioko Kifaru bado hazijakomaa.

1. Njaa, hamu na shibe

Kwanza tueleze jambo lenyewe kwa ufupi. Chini ya ubongo, kati ya masikio mawili, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Mwaka 1940 watafiti Hetherington na Ranson walionyesha kwamba panya akijeruhiwa mahali fulani katika sehemu hiyo hunenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck walionyesha kwamba akijeruhiwa mahali pengine karibu na hapo huacha kula kabisa, hata kufa kwa kukosa chakula. Kutokana na hayo yakazuka majina mawili, "kituo cha njaa" na "kituo cha shibe", ambayo hadi leo hukutwa katika vitabu. Majina hayo si mabaya kwa mwanafunzi anayeanza, ila yanaleta picha ya ofisi mbili zenye milango miwili. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba jambo hilo ni la mapatano zaidi. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Tumbo tupu hutoa homoni ya grelini, iliyogunduliwa mwaka 1999, ambayo huuarifu kuwa wakati wa kula umefika. Katika haipothalamasi zipo seli za neva zinazosukuma mtu ale na nyingine zinazomzuia, na habari hizo zote hupimwa pamoja.

Sasa tutazame maneno. Waandishi wengi hutumia "njaa" na "hamu ya kula" kana kwamba ni visawe. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna ubaya. Lakini katika maandishi ya tiba kosa hili lina gharama. Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja wa Kifaru amempeleka mwanawe zahanati kwa kuwa amekonda. Muuguzi auliza, "Mwanangu, unasikia njaa?" Kijana ajibu, "Sisikii, mama." Jibu ni la kweli na muuguzi ameliandika sawasawa. Hata hivyo mwili wa kijana huyo una njaa. Chakula hakijaingia tangu jana. Kilichopotea ni hamu, kwa sababu alikuwa akitafuna mirungi usiku kucha. Neno moja limebeba mambo mawili, na la pili limelificha la kwanza.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia ya kutokea. Tunaposema nchi ina njaa, hatusemi kwamba watu wake wanatamani chakula. Twasema kwamba chakula hakipo. Hapo njaa ni upungufu, wala haitegemei mtu anajisikiaje. Hamu, kwa upande mwingine, daima ni jambo la nafsi: kuna hamu ya kusafiri, hamu ya kumwona mtu, hamu ya kula. Kwa hiyo twaona kwamba katika istilahi neno njaa lishike maana ya upungufu wa chakula mwilini pamoja na ishara zake, na hamu ya kula ishike maana ya utayari wa nafsi kukiendea chakula. Muuguzi aliyefunzwa tofauti hiyo atauliza maswali mawili badala ya moja: "Umekula lini?" na "Je, una hamu ya kula?"

Tofauti kama hiyo ipo pia upande wa pili. Tuna shibe, na tuna kukinai. Mtu aliyekula makande hadi akashiba, akiletewa ndizi mbivu au asali, mara nyingi atapata nafasi ya kula tena. Tumbo limeshiba kweli, lakini ulimi umekinai makande peke yake. Wataalamu wa ulaji waliandika habari za jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakalitungia jina refu. Sisi tulikuwa nalo neno tangu zamani, na laweza kuingizwa katika orodha ya istilahi bila kubadilishwa hata herufi. Aidha, yafaa tuonye juu ya msemo unaosikika, kwamba mirungi "inashibisha". Hakuna chakula kilichoingia. Mirungi huziba hamu na kupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni. Njaa inabaki palepale ilipokuwa. Kutumia shibe hapa ni kumpa mtafunaji hoja asiyostahili.

Pengine msomaji atauliza: kama si chakula, mbona watu husema "kula mirungi"? Jibu ni kwamba kitenzi kula katika lugha yetu kina uwanja mpana. Tunakula kiapo, tunakula hasara, wengine hula rushwa na kula njama. Msemo huo basi si kosa la lugha. Lakini katika maandishi ya tiba tungependelea kutafuna, kwa kuwa ndicho kitendo chenyewe: majani na vijiti vibichi hutafunwa, maji yake yakamezwa, na makapi yakahifadhiwa shavuni.

2. Neno "zawadi"

Twende sasa kwenye neno linalotusumbua kuliko yote. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner, wakifanya kazi Montreal nchini Kanada, walitia waya mwembamba katika ubongo wa panya, na panya alipobonyeza kijiti umeme kidogo ulipita mahali hapo. Panya aliendelea kubonyeza mara kwa mara bila kupewa chakula chochote. Kutokana na majaribio hayo, wataalamu wakaanza kusema kwamba ubongo una njia zake maalumu ambazo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "mfumo wa zawadi" au "mfumo wa tuzo". Hivyo ndivyo unavyotajwa katika maandishi mengi ya Kiswahili.

Tuyachunguze maneno tuliyo nayo. Zawadi ni kitu apewacho mtu kwa wema au kwa mapenzi. Hailazimu kuwa ameifanyia kazi. Tuzo hupewa aliyeshinda. Ujira hupewa aliyefanya kazi kwa mapatano. Thawabu ni ya Mungu kwa mja wake, na wengi huitazamia Akhera. Kujazi ni kulipa wema uliotendwa. Maneno yote haya yana mambo mawili ndani yake: yupo anayetoa, na kilichotolewa ni chema. Katika ubongo hakuna anayetoa. Wala kinachopatikana si lazima kiwe chema. Chaweza kuwa asali, chaweza kuwa heroini. Mzazi anayesoma kwamba mirungi "humpa mtoto wake zawadi katika ubongo" atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Neno hilo lamwambia kuwa mtoto ametendewa hisani.

Wako wenzetu wanaotetea neno tuzo kwa hoja kwamba limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya ualimu na saikolojia, ambamo tuzo na adhabu hutajwa pamoja. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaki kuling'oa neno mahali pake. Mwalimu anayempa mwanafunzi kalamu kwa kufaulu ametoa tuzo kweli: mtoaji yupo, na sababu ipo. Tunachopinga ni kulihamisha neno hilo kutoka darasani hadi ndani ya fuvu la kichwa, ambako hakuna mwalimu.

3. Uchu na utamu

Udhaifu wa "zawadi" ni mkubwa zaidi ukitazama utafiti wa baadaye. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzake, walichunguza panya ambao karibu dopamini yao yote ilikuwa imeondolewa katika ubongo. Panya hao hawakukiendea chakula hata kidogo. Wangekufa kama wasingelishwa. Hata hivyo walipotiwa sukari mdomoni, nyuso zao zilionyesha dalili zile zile za kuburudika ambazo panya mzima huonyesha. Walikuwa wakiuona utamu, ila hawakuwa na uchu. Kutokana na hayo ikasadikiwa kwamba kile kilichoitwa kwa jina moja ni mambo matatu: kukitaka kitu, kukifurahia kitu, na kujifunza kukitazamia. Wolfram Schultz naye, akichunguza nyani waliopewa maji ya matunda, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1997 kwamba seli za dopamini mwanzoni huitikia maji yenyewe. Lakini nyani akisha kuzoea kwamba taa hutangulia maji, huitikia taa, na maji yakija kama yalivyotarajiwa hazishtuki tena.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake. Kwa jambo la kwanza tunalo neno uchu, yaani ile nguvu inayomvuta mtu kukiendea kitu, ambayo humjaza mate kabla hajaonja. Kwa jambo la pili tunalo utamu, linalofaa kwa chakula, kwa mazungumzo na kwa usingizi pia. Kwa jambo la tatu tunalo mazoea. Hata hekima ya wazee haikuyachanganya: methali isemayo kwamba mwonja asali haonji mara moja yaanza na utamu na kuishia kwenye uchu, na kati yake mna mazoea. Mfasiri aliyetafuta neno moja alikuwa na matatu mkononi.

Umuhimu wa kutenganisha uchu na utamu ni huu. Watumiaji wengi wa vilevi na vichangamshi husema kwamba kitu chenyewe hakiwaburudishi tena kama mwanzo, lakini hawawezi kukiacha. Ndugu zao huona kuwa huo ni uongo: kama hakina raha, wakitakia nini? Anayejua kwamba utamu waweza kupungua huku uchu ukizidi ataona kwamba mtu huyo hakusema uongo. Kwa maneno "raha" na "zawadi" maelezo hayo hayawezekani kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo tunalikataa jina "homoni ya furaha", ambalo limeenea sana kuihusu dopamini. Lina makosa mawili. Kwanza, katika kazi inayozungumzwa hapa dopamini si homoni inayosafiri katika damu. Ni kemikali inayopeleka habari kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Pili, kama panya wa Berridge walivyoonyesha, kazi yake kubwa iko upande wa uchu na wa kujifunza, wala si upande wa furaha. Iitwe dopamini, na panapohitajika maelezo isemwe kwamba ni kemikali ya ubongo inayoamsha uchu.

Kuna pingamizi moja dhidi ya uchu ambalo hatuna budi kulikabili. Katika usemi wa kawaida neno hili lina harufu ya lawama. Mwenye uchu husimama jirani na mroho na mlafi, na katika siasa twasikia "uchu wa madaraka". Je, tukimwambia mgonjwa kwamba ana uchu, hatutakuwa tumemtukana? Twakiri kwamba hatari ipo. Lakini uroho na ulafi hutaja tabia ya mtu, na uchu hutaja hali inayompata. Mjamzito hupata uchu wa kitu fulani wala hakuna anayemwita mlafi. Tungependekeza kwa hiyo waandishi waseme "amepatwa na uchu" au "uchu umemjia", waepuke "mwenye uchu" au "mtu wa uchu".

4. "Dawa za kulevya"

Mwisho tulitazame jina la kisheria. Kulevya ni kumfanya mtu alewe, na mlevi kwa Mswahili ni mtu anayeyumba, ambaye ulimi wake umekuwa mzito na akili imemwondoka. Pombe hulevya, na hapo hakuna ubishi. Mirungi haifanyi hivyo. Ndani ya majani yake mabichi mna kathinoni, iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Muundo wake wa kikemia wafanana na ule wa amfetamini, na kazi yake ni kusababisha dopamini na noradrenalini zitoke kwa wingi. Majani yakinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kemikali nyingine iliyo dhaifu zaidi, na ndiyo maana wauzaji huyafunga kwa majani ya migomba na kuyakimbiza sokoni. Mtafunaji haanguki wala hasinzii. Hukesha, huongea sana, moyo hudunda haraka, na chakula hakitamani.

Matokeo yake ni hoja ambayo kila anayetoa elimu ya afya kando ya barabara za kaskazini atakutana nayo: "Mirungi hailevyi, basi si dawa ya kulevya." Ukiipima kwa kamusi, hoja hiyo ni sahihi, na ndipo lilipo tatizo. Jina limempa mpinzani ushindi kabla ya mjadala kuanza. Nalo neno dawa lina kasoro yake, kwa kuwa la kwanza linaloijia akili ya msikilizaji ni tiba. (Wale wanaoandika "madawa ya kulevya" waongeza kosa la tatu, kwa sababu dawa katika Kiswahili sanifu haina wingi wa ma-.)

Hatupendekezi kubadilisha jina la sheria. Kazi hiyo ni ya Bunge. Lakini sheria hutaja kundi zima, na elimu haina budi kutaja aina. Katika masomo ya afya itumike istilahi vichangamshi kwa mirungi, kokeini na amfetamini. Vipumbaza kwa heroini na jamii yake. Na vilevi ibaki kwa pombe. Muuguzi ataweza kusema: "Ni kweli hailevyi. Ni kichangamshi, na hatari yake iko katika kukesha, katika moyo, katika kutokula, na katika uchu." Mazungumzo yanaweza kuendelea kutoka hapo.

Kuhusu maneno ya mitaani, tusiyadharau. Vijana wa Tanzania husema stimu kwa ile hali ya kuchangamka, na arosto kwa mateso ya kukosa. Arosto yataja kwa neno moja jambo ambalo vitabu hulieleza kwa sentensi nzima, na muuguzi asiyelijua hatamwelewa mgonjwa wake. Watafunaji wa Kenya husema handasi kwa hali hiyo hiyo ya kuchangamka. Hili hatulipendekezi, kwa sababu Kiswahili sanifu kimekwisha kulipa neno lenye umbo hilo kazi ya uhandisi.

5. Mapendekezo

Tunaiomba Kamati ya Istilahi na wasomaji wayafikirie haya. Njaa iwe upungufu wa chakula mwilini, na hamu ya kula iwe utayari wa nafsi. Shibe iwe ya mwili, na kukinai kuwe kwa chakula cha aina moja. Mahali pa "mfumo wa zawadi" paandikwe mfumo wa uchu na utamu. Na pale ambapo mtafiti ametaja kimojawapo tu, kitajwe hicho peke yake. "Homoni ya furaha" iachwe. Tuzo ibaki darasani na katika majaribio ambayo kweli yuko mtu anayetoa kitu. Vichangamshi, vipumbaza na vilevi vitenganishwe. Uraibu, neno lililozoeleka pwani kwa tambuu na tumbaku, liendelee kushika maana ya kufungwa na kitu, kwa kuwa lina heshima na halitukani. Nalo litumike badala ya uteja, ambao humgeuza mgonjwa kuwa mnunuzi.

Kabla ya kuidhinishwa, maneno haya yapelekwe kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini wayajaribu kwa mdomo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili pamoja na lugha za nyumbani. Mama wa Kifaru akiweza kuyarudia maelezo aliyopewa zahanati kwa mumewe jioni ile, na mumewe akaelewa kwamba mtoto hana shibe ingawa asema hana njaa, istilahi zitakuwa zimefaa. Akishindwa, orodha irudishwe mezani.